Mabua Kwanza, Mbolea Baadaye

Ekari moja ya mahindi iliyokupa magunia 10 ya kilo 90 imekuachia pia mabua ya tani moja hivi, pengine na ziada kidogo. Wengi wetu huku Migori na Homa Bay huyaona mabua hayo kama takataka za kuondolewa ili plau ya ng'ombe ipite. Yatazame kwa jicho la mtu anayenunua mbolea. Ndani ya tani hiyo mna takribani kilo 7 za nitrojeni na kilo 12 au zaidi za potasiamu. Gunia la kilo 50 la CAN lina nitrojeni ya kilo 13. Anayewasha kiberiti baada ya kuvuna anachoma nitrojeni ya zaidi ya nusu gunia la CAN, na nitrojeni ikishaungua haibaki kwenye jivu. Hupanda na moshi, ikaenda zake. Potasiamu hubaki jivuni, lakini mvua kubwa ya kwanza huisomba pamoja na jivu lenyewe hadi mtoni.

Hiyo potasiamu inastahili kutajwa mara ya pili. DAP haina potasiamu hata chembe, wala CAN haina. Mkulima anayetumia hizo mbili peke yake mwaka baada ya mwaka, huku akichoma au kuuza mabua, anauchota udongo wake bila kuurudishia. Magunia 10 ya punje yanaondoka shambani na nitrojeni ya kilo 13 au 14. Mabua nayo yakiondoka, jumla inafika kilo 20 au kupita. Mbolea ambayo wengi hutia kwa ekari, gunia moja la DAP la kupandia na gunia moja la CAN la kukuzia, inaleta nitrojeni ya kilo 22. Ukikumbuka kwamba sehemu ya mbolea hiyo hupotea kwa maji na hewa, utaona kwamba hapo hakuna akiba yoyote.

Kwa hiyo swali la kwanza la msimu liwe hili: mabua ya msimu uliopita yako wapi, na nitayafanya nini? Swali la magunia mangapi ya mbolea lifuate baadaye, kwa sababu jibu lake linategemea lile la kwanza.

Kwa nini mahindi huwa ya njano palipofukiwa mabua

Wapo waliojaribu kufukia mabua wakaapa hawatarudia. Walilima mwezi Agosti, wakayazika mabua makavu, wakapanda baada ya wiki moja au mbili, na mahindi yakatoka hafifu na ya njano kuliko ya jirani aliyechoma. Waliona sawasawa. Kuna sababu, na ukiijua utaweza kuikwepa.

Bua kavu ni kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno. Kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, lina kaboni sehemu 50 hadi 80. Bakteria na kuvu wanaoliozesha hula kaboni hiyo, lakini ili waongezeke wanahitaji nitrojeni pia. Wasipoipata ndani ya bua huichukua udongoni, na hapo wanaiwahi mizizi michanga ya mahindi. Tani moja ya mabua yaliyofukiwa yanaweza kufunga takribani kilo 8 za nitrojeni kwa muda, karibu yote iliyomo kwenye gunia la DAP ulilopandia. Nitrojeni hiyo haijapotea. Wadudu hao wadogo wakimaliza chakula chao na kuanza kufa, huiachilia tena. Shida ni kwamba huiachilia baada ya wiki nyingi, wakati mahindi yameshapanga ukubwa wa magunzi yake.

Utaitambua njaa ya nitrojeni ukiinama na kutazama majani ya chini, yale yaliyokaribia ardhi. Njano huanzia kwenye ncha ya jani na kurudi nyuma ikifuata ule mshipa mkuu wa katikati, ikichora umbo la V, huku kingo za jani zikibaki kijani kwa muda. Majani ya juu huwa bado mazuri, kwa sababu mmea huyanyang'anya yale makuukuu ili ulishe machanga. Ukiona rangi ya zambarau kwenye kingo za majani ya mahindi madogo, hiyo kwa kawaida ni njaa ya fosforasi, na CAN haitaiponya.

Mavuno mawili, njia mbili

Misimu yetu haifanani, na hapa ndipo ushauri unaotoka kwingine hutukosea. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, na mvua ya vuli haingoji. Mwisho wa Agosti au Septemba mbegu inatakiwa iwe ardhini. Katikati hapo hapana muda wa bua kuoza. Mahindi ya vuli huvunwa Desemba na Januari, kisha shamba hukaa hadi mvua za Februari mwishoni au Machi. Hapo una miezi miwili, ingawa ni ya ukavu.

Mabua ya Agosti usiyafukie. Una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuyalaza juu ya udongo, katikati ya mistari utakayopanda, bila kuyachanganya na udongo. Yakiwa juu huoza polepole na hayagusani sana na udongo, hivyo hayafungi nitrojeni kwa pupa. Wakati huohuo hupunguza nguvu ya matone ya mvua, huhifadhi unyevu, na hudhoofisha magugu. Tani moja kwa ekari si nyingi, lakini inatosha kufunika karibu theluthi moja ya ardhi, na hiyo tayari inapunguza mmomonyoko kwa kiasi cha kuonekana. Ukiwa unalima kwenye mteremko, kwa mfano chini ya ukingo wa Kanyamwa kule Ndhiwa au kwenye vilima vya Gwassi, usiyatawanye. Yapange kwa mstari mnene unaokata mteremko, na mistari hiyo iachane hatua kadhaa. Udongo utakaokuwa ukishuka na maji utanasa hapo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa mwenye ng'ombe hata wawili tu: peleka mabua bomani. Wape wale wanachoweza kula, yaani majani na ncha laini. Yale magumu yanayobaki usiyatupe nje. Yatandaze chini wanapolala. Kwato zitayaponda, na mkojo utayalowesha. Nitrojeni nyingi na potasiamu nyingi anayotoa ng'ombe imo kwenye mkojo, na katika maboma mengi mkojo huo huzama ardhini au hupaa kwa harufu kali asubuhi. Bua kavu linaunyonya. Ongeza tabaka jipya kila chini inapolowa. Kila baada ya wiki chache zoa yote, uirundike mahali penye kivuli, na uifunike kwa majani ya migomba au magunia makuukuu ili jua lisiikaushe na mvua isiichuje. Kufikia Februari utakuwa na samadi nyeusi ambayo bua ndani yake huvunjika kwa vidole. Hiyo haitakushindania nitrojeni. Itakuongezea.

Mabua ya Januari nayo yana uhuru zaidi. Kama una nafasi ya kulima mapema, yakatekate kwa panga yawe vipande vya urefu wa kiganja, uyafukie pale udongo ungali na unyevu wa mwisho wa vuli. Yataanza kuoza, yatasimama ukavu ukizidi, kisha yataendelea mvua za kwanza zikianguka. Ukilima mapema na kungoja wiki tatu au nne baada ya mvua ya kwanza ungefanya vizuri kwa udongo, lakini ungepoteza mvua, na kwetu mbegu iliyochelewa huumia kuliko iliyopungukiwa mbolea. Panda kwa wakati, halafu rekebisha kwa nitrojeni, kama nitakavyoeleza.

Katika sehemu za Nyatike na Karachuonyo utaniambia kwamba mchwa hawaachi bua lifike Machi. Ni kweli. Mchwa wakiyala juu ya shamba sehemu kubwa ya kaboni hupotea, na mengine hubebwa hadi kwenye kichuguu. Huko boma ni bora kuliko kulaza shambani.

Kuna washindani wengine wa mabua, na lazima uzungumze nao. Kwa desturi, shamba likishavunwa, ng'ombe wa kijiji huingia. Usipokubaliana na majirani kabla ya mavuno, mipango yako ya matandazo italiwa kwa siku moja. Wa pili ni jiko. Mama anayepikia mabua ana sababu yake, kuni ni ghali. Magunzi, baada ya kupukuchua, yaende jikoni, kwani yanawaka vizuri zaidi na yana virutubisho vichache kuliko majani na bua. Shamba libakiziwe mabua.

Changanya kikavu na kibichi

Anayepanda maharagwe au njugu karanga ana hazina ambayo wengi huiacha ikauke kando ya uwanja wa kupukuchulia. Majani na mashina ya njugu yana nitrojeni zaidi ya mara mbili ya mabua ya mahindi. Yarudishe shambani, na yakifukiwa pamoja na mabua hupunguza ile njaa ya bakteria.

Halafu kuna tithonia, ile mimea mirefu ya maua ya njano kama alizeti ndogo inayojiotea kandokando ya barabara kuanzia Oyugis hadi Rongo. Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu, pamoja na taasisi za Kenya za misitu na za kilimo waliifanyia kazi kwa miaka mingi magharibi mwa nchi katika miaka ya 1990, na walichoona kinashangaza: majani yake makavu yana nitrojeni ya karibu asilimia 3.5 na potasiamu ya karibu asilimia 4, na huoza upesi sana. Lakini usibebwe na hamasa. Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Ili upate nitrojeni ya kilo 10 utakata na kubeba zaidi ya tani moja na nusu ya majani mabichi, na hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo kwa ekari moja. Itumie kwenye rundo la mboji: tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, tabaka la tithonia, samadi kidogo, udongo kidogo, maji, na kurudia. Geuza baada ya wiki tatu. Au itumie kwenye mboga, ambako eneo ni dogo na fedha hurudi haraka.

Lini usiache mabua shambani

Bua linaweza kuhifadhi adui. Viwavi wanaotoboa mabua hulala humo ukame wote na kutoka kama nondo mvua zinapoanza. Kwa hiyo usiache mabua yamesimama au kuyaegemeza kwa mafungu. Yakate na uyalaze chini juani kwa wiki kadhaa kabla ya kuyatumia. Joto huwaua wengi wao. Ikiwa shamba lilishambuliwa na ule ugonjwa wa kukausha mahindi unaoitwa MLN, ambao ulionekana kwanza nchini mwetu Bomet mwaka 2011, ng'oa mimea iliyougua uiondoe kabisa, na usipande mahindi juu ya mahindi hapo; weka njugu, viazi vitamu au maharagwe msimu unaofuata. Madoa ya kijivu kwenye majani nayo huendelea kuishi katika mabaki, na dawa yake ya bei nafuu ni hiyohiyo ya kubadilisha mazao.

Sasa mbolea

Jifunze kusoma nambari za gunia, kwani hutapata kila msimu ile uliyoizoea. Nambari ya kwanza ni nitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu, kila moja kwa asilimia. Gunia la kilo 50 la DAP, 18:46:0, lina nitrojeni kilo 9. La 23:23:0 lina kilo 11 na nusu. La 17:17:17 lina kilo 8 na nusu, lakini linakuja na potasiamu. Urea, yenye asilimia 46, ina kilo 23 kwa gunia. Tangu Agosti 2023, bei ya ruzuku iliposhushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 kwa gunia, wakulima wengi wamechukua chochote kilichokuwepo ghalani. Si vibaya, mradi ufanye hesabu ya nitrojeni kwanza.

Na kwa kuwa mwaka 2024 nchi nzima ilishtushwa na habari za mbolea bandia, weka risiti, kagua mshono wa gunia, na ufanye jaribio dogo. Tia kijiko cha urea kwenye glasi ya maji na ukoroge. Yote huyeyuka, na glasi huwa baridi mkononi. CAN nayo hupoza maji, ila huacha ukungu mweupe wa chokaa. Ukibakiwa na mchanga au kokoto chini, usitie shambani. Rudi na risiti yako, na umwarifu afisa wa kilimo wa wadi.

Wakati wa kupanda, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo karibu 10,800. Gunia moja likigawanywa humo ni gramu nne na nusu kwa shimo, yaani kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa kwa kidole, bila kilima. Tia mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikikutana na DAP uso kwa uso huungua. Ukiwa na ile samadi ya bomani, konzi moja ndani ya shimo itafanya kazi kubwa kuliko kuitawanya shamba zima.

Ikiwa ulifukia mabua na hukupata muda wa kuyaachia yaoze, badilisha mambo mawili. Pandia mbolea yenye nitrojeni zaidi, mathalani 23:23:0 badala ya DAP. Na usingoje mahindi yafike kiunoni ndipo ukuzie. Tia nusu ya CAN wiki ya tatu, mara tu baada ya palizi ya kwanza, na nusu iliyobaki wiki ya sita. Bakteria watachukua zao, mahindi nayo yatapata yake.

Kwa aliyelaza mabua juu ya udongo kuna onyo moja kubwa, na ningelisema kwa kila mkulima kama ningeweza: usinyunyize urea juu ya mabua. Mabaki ya mimea yamejaa kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia, na amonia huruka hewani. Ukinusa harufu kali shambani siku moja au mbili baadaye, ni fedha zako unazozinusa. Sogeza mabua kando kwa mguu, chimba kijishimo sentimita 10 au 15 kutoka shinani, tia mbolea, fukia kwa kina cha vidole vitatu, kisha rudisha mabua. Kazi huongezeka, lakini kwenye udongo mweusi wa kandokando ya ziwa, ambao kwa kawaida hauna tindikali, hasara ya urea iliyoachwa juu ni kubwa zaidi. Kama huna watu wa kusaidia kufukia, nunua CAN. Hairuki kwa kiasi hicho.

Udongo huo mweusi una tabia nyingine. Aprili hutuama maji, na nitrojeni ya aina ya naitreti, ambayo ni nusu ya nitrojeni ya CAN, hugeuka gesi udongo unapokosa hewa. Usikuzie maji yakiwa yamesimama. Chimba mifereji kwanza, ngoja siku kadhaa udongo upumue. Kwenye udongo wa kichanga tatizo ni kinyume, maji huishusha nitrojeni chini ya mizizi, na dawa ni kugawanya mbolea mara mbili daima. Kwa wenzetu wa Kuria na upande wa Rongo unaopakana na Kisii, ambako udongo mwekundu mara nyingi una tindikali, DAP ya miaka mingi huongeza tindikali hiyo. Pima udongo kabla ya kununua mbolea zaidi, kwani pengine unachohitaji ni chokaa. Chota udongo sehemu kumi za shamba kwa kina cha sentimita 20, changanya, peleka nusu kilo kwa afisa wa kilimo au KALRO, shirika la utafiti wa kilimo.

Kayongo na kinywa cha ng'ombe

Ukiwa na kayongo shambani, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi, ujue linapenda udongo uliochoka. Nitrojeni na samadi hulidhoofisha. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinazokaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo ng'oa kabla ya kuchanua, na usipeleke mabua yaliyochanganyika na kayongo iliyokomaa bomani wala kwenye mboji.

Suluhisho la ndani kabisa liko hapa kwetu Mbita, ambako ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina kituo chake. Hapo Profesa Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Kenya na wa Rothamsted nchini Uingereza, walikuza mbinu ya vuta-sukuma. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na matete ya mifugo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo wa viwavi, matete huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo zikafa bila kupata mahindi ya kufyonza. Juu ya hayo desmodiamu hutengeneza nitrojeni kutoka hewani. Lakini faida ninayotaka uitilie maanani katika habari hii ya mabua ni ya malisho. Ng'ombe akishiba matete na desmodiamu, halazimiki kula bua lako la Januari, nalo linabaki shambani. Gharama yake ni mbegu ya desmodiamu na msimu wa kwanza wa palizi ya makini, kwani huota polepole.

Usibadilishe shamba zima kwa mara moja. Pima vipande vitatu vya ukubwa sawa, hatua kumi kwa kumi, kwenye udongo unaofanana: kimoja uondoe mabua, kingine uyalaze juu, cha tatu utie samadi ya bomani yenye mabua. Tia mbolea ileile kwa kiasi kilekile. Wakati wa kuvuna, pima punje kavu za kila kipande kwa mizani ya dukani, si kwa macho, na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya kupanda na ya mvua ya kwanza. Rudia kwenye vipande vilevile msimu unaofuata, kwa sababu mwaka wa kwanza mabua yaliyolazwa juu huenda yasionyeshe tofauti.